Siku Niliyomtazama Mkwe Wangu Usoni

Nyie vijana mnaopata barua za ajira mnapenda kuniuliza, "Bibi, kazi ya serikali inataka nini?" Mnangoja niseme elimu. Elimu sina. Nimeishia darasa la nne, na hilo lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu alikuwa jirani yetu na nikitoroka alikuwa ananifuata hadi jikoni. Au mnangoja niseme uaminifu, kwa kuwa ndilo neno mlilobandikiwa kwenye kuta za ofisi. Mimi nasema inataka woga. Mtu asiyeogopa kitu msimpe mhuri, msimpe ufunguo, na geti msimpe kabisa.

Mimi nilipewa geti. Geti la kukagua mazao ya misitu, juu ya Lushoto, pale msitu wa Magamba unapoachia mashamba. Kila gari linaloshuka kutoka vijiji vya juu kwenda Mombo lilikuwa lazima lisimame mbele yangu. Naomba hati, nakagua mzigo, naandika kitabuni, nainua mti. Mti wenyewe ulikuwa boriti ndefu, nyuma imefungwa jiwe na kamba. Nimeuinua na kuushusha mpaka magoti yangu yakaanza kulia kama bawaba.

Shemeji yangu mmoja alikuwa akinicheka kila tukikutana kanisani.

"Shemeji, hivi kweli serikali inakulipa kwa kuvuta kamba? Si wangefunga mbuzi?"

"Mbuzi akipewa kabichi ataachia mti," nilimjibu. "Ndiyo maana hawakumwajiri mbuzi, na ndiyo maana wewe pia hawakukuajiri."

Alininunia mpaka Pasaka.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kaniki, mlinzi wa geti kabla yangu, mtu mfupi mwenye koti la mvua lililomfika kwenye vifundo. Siku ya kwanza hakunionyesha kitabu. Alinipa chuma kirefu, chembamba, chenye ncha, akanipeleka kwenye lori lililojaa kabichi.

"Choma," akasema.

Nikachoma.

"Imesema nini?"

"Haijasema kitu, mzee."

"Basi hukusikiliza. Choma tena."

Nilichoma kabichi asubuhi nzima hadi dereva akaanza kulalamika kwamba namharibia mali. Lakini nilijifunza. Kabichi ikichomwa inasema chwaa. Gunia la viazi linasaga meno. Karoti inakwamisha chuma. Ubao ukilala chini ya hivyo vyote unasema ko, sauti moja tu, kama mtu anayebisha mlango kwa kidole kimoja. Ukiisikia ko, mgongo wako unapata baridi, maana sasa wewe na yule dereva mnajua jambo moja, na wewe ni mwanamke mwenye chuma na yeye ana utingo watatu.

Mzee Kaniki alinifundisha na kunusa. Mkulo, ule mti mkubwa wa msituni ambao haukatwi bila kibali, una harufu ya dawa ya kuchua. Ukipasuliwa leo, kesho bado unanuka. "Watafunika kwa turubai, watafunika kwa mboga," alikuwa akisema, "harufu haifunikwi. Gari likisha kupita, simama kimya, vuta pumzi." Siku hizi naambiwa hati zinasomwa kwa simu. Vizuri. Lakini simu haina pua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa makande. Msicheke. Kulikuwa na ukungu wa mchana, ule unaokufanya usione mkono wako, na baridi iliyoingia hadi kwenye kucha. Dereva mmoja akashuka na bakuli la makande ya moto, akasema, "Mama, utakufa hapa, kula kwanza." Nikala. Nilipomaliza nikachukua chuma changu, nikalisogelea lori lake, na mkono ukakataa. Nitamchomaje mtu niliyekula chakula chake, na bakuli bado lina joto? Nikagusa gunia moja juu juu, nikainua mti. Mzee Kaniki alikuwa ameketi kibandani ananitazama. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Yalikuwa na chumvi?" Toka siku hiyo nilikuja na chakula changu, na aliyeniletea peasi au tunda damu nilimwambia akawape watoto wake. Waliniita mwanamke wa roho mbaya. Niliitika.

Sasa niwaambie lile linaloniamsha hadi leo.

Lazima kwanza mjue tulivyolelewa, maana nyie siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu mmekumbatiana. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani na kugeuka, mwingine anapita ameshusha kitenge usoni. Hawashikani mikono, hawali chombo kimoja, hawatajani majina. Akiwa na la kuniambia, anamwambia mke wake. Mke asipokuwepo, anakiambia kinu, nami niko ndani nasikiliza: "Ewe kinu, mwambie mama kesho kuna msiba kwa mjomba." Ndivyo mama yangu alivyoishi na babu yenu, na ndivyo nilivyoishi mimi na mume wa binti yangu Rehema. Jina lake silitaji hata sasa. Nitamwita Baba Neema, kwa mtoto wao wa kwanza.

Alikuwa fundi seremala katika kijiji cha juu ya geti. Rehema alisema ni mtu mpole na mikono yake haikai bure. Mimi nilikuwa nayajua mabega yake tu, na visigino vyake, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nikiviona akiingia vichakani kunipisha. Miaka mitatu ya ndoa, sijawahi kuuona uso wake.

Wezi wa mbao waliona kitu ambacho serikali haikukiona. Waliona kwamba mlinzi wa geti ana mtu mmoja tu duniani asiyeruhusiwa kumtazama.

Asubuhi moja likaja lori la kabichi. Nikatoka na chuma changu. Nikafika usawa wa mlango wa utingo, nikainua macho, nikaona bega. Bega hilo nililijua. Nikageuka haraka mpaka nikajikwaa, nikashusha kitenge, nikasimama nimelipa lori mgongo.

"Mama, hati hii hapa," dereva akasema, sauti yake imejaa asali. "Na tuna mkweo humu, anakwenda Lushoto dukani. Utamzungukaje?"

Kweli, ningemzungukaje? Kukagua gari ni kulizunguka lote, ni kupanda juu, kuinama, kuchungulia. Mwanamke hapandi juu ya gari mkwe wake akiwa chini. Nilivuta kamba bila kugeuka. Mti ukapanda. Lori likapita.

Nikasimama kimya, nikavuta pumzi, kama nilivyofundishwa.

Dawa ya kuchua.

Wajukuu zangu, niliogopa mpaka nikakaa chini kwenye matope. Kilichonitia hofu hasa ni jinsi ilivyokuwa rahisi, kuliko hata hao wezi wenyewe. Sikula rushwa, sikupewa chochote, hakuna aliyenitisha. Nilifanya heshima tu, na kwa heshima yangu msitu wa serikali ukapita chini ya mkono wangu.

Hapo ndipo ilipaswa niende kwa bwana misitu siku ileile niseme, "Mkwe wangu anatumiwa, au anatumika, sijui, ila mimi na gari lile tusikutanishwe." Sikwenda. Nilijiambia labda pua imenidanganya. Labda ni mara moja. Nilijiambia mengi. Mtumishi anayeogopa vibaya ana maneno mengi kuliko mchungaji.

Juma lililofuata likaja tena. Bega lilelile. Nikageuka tena, nikavuta kamba tena. Safari hii dereva alicheka waziwazi.

"Mama mkwe hoyee!" akapiga honi.

Mwezi ule Rehema alikuja kunisalimia, mtoto mgongoni. Alifurahi kama mtu aliyeota. Wanaezeka bati, akasema. Baba Neema amepata kazi nyingi za samani. Akapika bada, ule ugali wetu wa muhogo, akaniwekea mbele, nami nikasogeza sahani kando.

"Mama unaumwa?"

"Tumbo."

"Tumbo au kuna jambo?"

Lilinifika hapa, kwenye ulimi. Mwambie mumeo aache. Maneno matatu tu. Lakini nilijua ningeyasema, angemwambia mumewe, naye angewaambia wenzake, nao wangepita njia nyingine, na mimi ningekuwa mlinzi anayewapelekea wezi habari za geti. Na nisipoyasema, ningemwacha mwanangu alale chini ya bati ambalo nalijua lilikotoka. Nilimtazama mtoto Neema akichezea kijiko. Nikasema, "Ni tumbo tu, mwanangu. Ongeza maji ya moto."

Mtu akiwaambia kutunza siri za kazi ni jambo dogo, muulizeni kama amewahi kuitunza mbele ya mtoto wake.

Mara ya tatu lori lilipokuja, nilikawia. Si kwa ujasiri. Kamba ilinasa. Nikaishikilia labda muda wa kusema Baba Yetu mpaka katikati. Dereva hakucheka. Nikahisi macho yake mgongoni. Kisha kamba ikaachia, mti ukapanda, wakapita taratibu, taratibu sana.

Kesho yake nilipofungua mlango wa nyumba yangu kwenda kazini, kulikuwa na ubao umeegemezwa ukutani. Ubao mmoja wa mkulo, mpya, umepigwa randa vizuri, hauna hata alama. Nilidhani mtu kausahau. Nikausimamisha nipate kuusogeza. Ukawa sawa na mimi. Kuanzia ardhini mpaka utosini, sawa kabisa, kana kwamba nilipimwa.

Mnajua mtu anapimiwa ubao wa kimo chake kwa ajili gani.

Niliurudisha ukutani kama mtu anayeweka yai. Nikawaza, nani anakijua kimo changu namna hii? Seremala anajua. Seremala anapima kwa jicho. Lakini seremala huyo hajawahi kusimama mbele yangu. Au huwa anatazama akiwa kichakani, nami nikidhani amegeuka? Mpaka leo sijui aliyeupima ubao ule. Sikuwahi kuuliza, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Kazini sikwenda moja kwa moja. Nilipanda kwa Mzee Kaniki, alikuwa amestaafu, anachimba viazi vyake karibu na msitu.

"Onga makeo, mzee," nikamwamkia kwa Kishambaa.

Akaniitikia, akanitazama mara moja, akaweka jembe chini. Nikamwambia yote, kuanzia bega hadi ubao. Nililia. Nilimwambia bora niache kazi.

"Ukiacha, watamweka mwingine," akasema. "Na huyo mwingine naye ana mkwe, ana mjomba, ana deni la fadhila mahali. Umewapitisha mara ngapi?"

"Tatu."

"Bwana misitu anajua?"

"Hajui."

"Basi sikiliza wewe. Ndugu ukimtaja kabla, ni ndugu. Ukimtaja baada ya kukamatwa, ni mwenzako. Nenda sasa hivi, kabla matope hayajakauka miguuni mwako."

"Na heshima ya mkwe, mzee? Nikimsimamia mbele, Rehema atarudije kwa wakwe zake?"

Akaokota kiazi kimoja, akakipangusa udongo. Nilitaka aniambie itakuwa sawa.

"Matope yanakauka," akasema, akarudia jembe lake.

Bwana misitu alikuwa kijana wa kutoka Iringa, hajui Kishambaa hata cha kuomba maji. Ilinichukua nusu saa kumweleza kwa nini nililipa lori mgongo. Alidhani ni uchawi.

"Yaani mama, mtu mwenyewe yuko ndani ya gari, kioo kimefungwa, na bado huwezi?"

"Siwezi."

"Hata ukifumba jicho moja?"

"Baba, wewe ungeweza kumvua mama yako kilemba sokoni?"

Akachukua karatasi. Akaniambia niandike mwenyewe, mara zote tatu, siku na saa, na kwamba nilinusa. Niliandika kwa herufi zangu za darasa la nne, kubwa kama kuku, machozi yakidondoka. Akasema atanipa onyo la maandishi kwa yale niliyoyapitisha. Alinipa. Onyo hilo ninalo mpaka leo, nimelihifadhi na cheti changu cha ndoa, na sioni haya. Kisha akasema neno la haki: lori lile likija tena si mimi nitakayelikagua. Mwenzangu wa zamu, Saidi, atakaa getini siku zote za kabichi, mimi nitakaa kwenye bustani ya miche. Mtumishi hakagui ndugu yake. Nilishusha pumzi kana kwamba nimetua kuni.

Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa iwe. Lakini mambo ya Mungu hayafuati ratiba ya zamu.

Siku iliyofuata ya kabichi nilikuwa nimemaliza usafi wa kibanda, nangoja Saidi aje anipokee. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Bwana misitu alikuwa amekwenda kumchukua Saidi kwa pikipiki. Nikasikia lori linashuka kwa gia kubwa, saa nzima kabla ya kawaida yake. Likatokea kwenye ukungu kama ukuta unaotembea. Likasimama, upande wa utingo umebana kwenye ukingo wa mlima.

Nikatazama njia. Hakuna Saidi. Hakuna mtu.

"Mama mkwe!" dereva akaita. "Fungua tuwahi! Au kamba imenasa tena?"

Nilikuwa na kamba mkononi. Ningeivuta. Nani angejua? Saidi angefika, angeuliza, ningesema hakujapita kitu. Nilikuwa na hofu mbili, moja kila mkono. Huku ubao uliosimama ukutani kwangu. Huku ile karatasi yenye herufi zangu za kuku, ambayo ilisema kwamba mimi najua. Baada ya karatasi ile nisingeweza tena kusema pua imenidanganya.

Niliiacha kamba. Nikaifungia kwenye kigingi, mafundo mawili. Nikachukua chuma, nikalizunguka lori kwa nyuma, nikapita kati yake na ukingo wa mlima, nafasi ya mtu mmoja tu, nikafika mlangoni kwa utingo. Nikapandisha kitenge kutoka usoni.

Nikamtazama.

Alikuwa kijana tu. Sijui kwa nini nilitegemea mtu mkubwa. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, na macho ya Neema, yaleyale, makubwa, yaliyolowa. Akafunika uso kwa mikono miwili.

"Mama, geuka," akasema. Ndilo neno la kwanza aliloniambia katika maisha yake. "Tafadhali, mama, geuka."

"Baba Neema," nikasema, na ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la geti. "Shuka chini."

Dereva akapiga kelele. "We mwanamke! Unamtazama mkweo usoni? Haya huna? Mchana kweupe?"

"Shuka, baba."

Akashuka, mikono bado usoni. Nikarudi hatua chache nyuma, nikachoma chuma kati ya mbao za ubavuni mwa lori, kupita kabichi. Chwaa. Chwaa. Ko.

Dereva aliisikia naye. Alifungua mlango wa upande wake akarukia bondeni, nikasikia vichaka vikivunjika, halafu ukungu ukamfunika. Hakuonekana tena huku kwetu. Na kwa mbali nikasikia pikipiki.

Baba Neema angeweza kukimbia. Alikuwa na miguu, alikuwa na muda. Lakini mbele yake kulikuwa na kibanda na nguzo, kulia lori, kushoto mlima, na nyuma yake nilikuwa nimesimama mimi. Kutoka pale ilikuwa lazima anipite, anisukume bega, agusane na mama mkwe wake. Alisogea hatua moja kuja kwangu. Akasimama. Akasogea tena, akasimama. Tulikuwa karibu kiasi cha kusikiana pumzi. Ningejisogeza tu hatua moja kando, angepita.

Sikusogea.

Akageuka akauelekea mlima, akaweka paji la uso kwenye udongo, akangoja. Bwana misitu alimkuta hivyo. Aliniambia baadaye, "Mama, mkweo hakukimbia, mtu wa ajabu." Nikamwambia hakuna ajabu yoyote. Alikuwa na heshima, na mimi nilisimama juu ya heshima yake nikamkamata.

Alifungwa. Kwenye mabaraza kijijini kwake walisema mengi. Wengine walinipa hongera kwa sauti ndogo, wakiangalia nyuma. Mlango wangu niliufunga kwa makomeo mawili, na kila asubuhi kabla ya kuufungua nilisimama nyuma yake nikisikiliza. Ubao ule niliupeleka ofisini kama ushahidi. Nikiupeleka nimeubeba begani, watu njiani walinipisha.

Rehema hakuja. Nilimtumia ujumbe mara mbili, hakujibu. Nikasikia kwamba wakwe zake wamekaa kikao, wakasema hawawezi kuishi na binti wa mwanamke aliyemtazama mkwe wake usoni na kumfunga. Wakampa siku tatu.

Siku ya tatu niko zamu getini. Mchana, jua limetoka, barabara inafuka mvuke. Pikapu ikashuka kutoka juu, taratibu. Nyuma imejaa: godoro, sufuria, kitanda kilichofunguliwa, magunia matano. Mbele, karibu na dereva, Rehema, na Neema mapajani.

Gari likasimama. Dereva alikuwa jirani yao, mtu mwema, akachungulia akasema kwa upole, "Mama, ni vitu vya binti yako tu. Fungua tupite, mtoto amechoka."

Rehema hakunitazama. Alitazama mti wa geti.

Mdomo wangu ulitaka kusema, pita mwanangu. Mkono wangu ulishafika kwenye kamba. Halafu nikawaza: nikimpitisha huyu bila kukagua, basi yule nilimfungia nini? Na nikimkagua, nimebakiwa na nini?

"Zima gari," nikamwambia dereva.

Nikachukua chuma. Nikapanda nyuma ya pikapu, magoti yakilia. Nikainua godoro nililomnunulia mwenyewe alipoolewa. Nikafungua sufuria moja moja. Nikanusa mbao za kitanda. Nikachoma gunia la kwanza, la pili, la tatu, la nne, na kila nikichoma nilikuwa namwomba Mungu nisisikie ile sauti. Maana ningeisikia, ningeandika. Nilijijua sasa. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko wezi na ubao wao: nilikuwa nimekuwa mtu ambaye angeandika.

Gunia la tano lilikuwa pembeni, nyuma ya kitanda. Nililitazama. Mkono haukwenda. Nikashuka chini, nikajipangusa, nikachukua kitabu.

Mlango wa pikapu ukafunguka. Rehema akashuka, mtoto kiunoni. Akaja mpaka mbele yangu. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Mama. Lile la nyuma hujakagua."

"Rehema..."

"Hujakagua. Panda."

Nikapanda tena. Yeye amesimama chini, ananitazama, dereva ananitazama, mtoto ananitazama. Nikachoma. Likasaga meno. Viazi.

Nikashuka. Nikaandika kitabuni, herufi zikikimbia huku na huko: vitu vya nyumbani, vimekaguliwa vyote. Rehema akasubiri mpaka nilipoweka kalamu. Kisha akamnyanyua Neema kutoka kiunoni, akanikabidhi, akaenda mwenyewe kwenye kigingi, akafungua mafundo, akavuta kamba, mti ukapanda.